King'ora Kilichokatwa Ulimi

Mliokuwa mkibishana wiki nzima, basi acheni. King'ora hakikulia.

Mama King'ora alizungusha ufunguo, taa ya kijani ikawaka mezani, na kule chini kijitoni, mtaa ulio bondeni chini ya bwawa, kwenye skrini ya kamera, watu wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna aliyewaambia neno. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka. Mwanamume mmoja alikuwa ananyolewa ndevu kibarazani. Akazungusha tena. Kimya.

Na nyuma yake, kama mnavyokumbuka, mlango wa chumba cha tahadhari ulikuwa umefunguka.

Hakugeuka. Viatu vile alivijua. Tangu mvua za mwaka jana alikuwa amekatazwa kuugusa ufunguo ule bila ruhusa ya Meneja wa bwawa, na Meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni, koti likichuruzika maji.

"Utanifukuza baadaye," alisema Mama King'ora, macho kwenye skrini.

"Nani kakwambia nafukuza mtu? Piga tena."

Hapo ndipo alipogeuka.

Uso wa Meneja ulikuwa umesawijika. Alikuwa ametoka juu ya ukuta wa bwawa, na alichokiona huko kilikuwa kimemtoa kiburi chote.

"Nilikuja kukuambia ukipige," alisema. "Nimepanda ngazi mbio nikidhani utakataa."

"Nimeshakipiga. Hakilii."

"Hakilii vipi?"

"Huku kila kitu kizima. Kasoro iko kule kule kijitoni."

Kwa mgeni wa hadithi hii, tuseme kwa ufupi mwanamke huyu alilipata vipi jina lake. Mvua za mwaka jana, kipimo cha maji kilichoko juu mtoni kiliharibika kikaanza kusema uongo. Yeye kwa nia njema akapiga king'ora. Watu wa kijitoni walikimbia na sahani mikononi, maana siku hiyo kulikuwa na harusi, na harusi yenyewe ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Bibi harusi alipanda kilima pekupeku, shela likiburuta matope. Mama yao mzazi akaanguka, akavunjika mkono. Na maji yenyewe? Hata tone halikuonekana.

Tangu siku hiyo dada mtu akaitwa Mama King'ora, na mdogo mtu akabaki Bi Harusi mpaka leo, ingawa ana mume, ana nyumba, na ana kibanda chake cha udobi hapo hapo ukingoni mwa kijito. Hawajasemezana tena.

"Nieleze hali," alisema Mama King'ora.

"Mvua inamwaga juu mtoni kama mbingu zimetoboka. Maji yamekaribia mstari mwekundu. Yakipita juu ya ukuta tumekwisha. Ule ni ukuta wa udongo, na udongo na maji havina urafiki. Lazima nifungue milango."

"Ukifungua, kijitoni maji yatafika madirishani."

"Najua. Ndiyo maana nataka watu watoke kwanza. Wapande mpaka uwanja wa shule. Maji ya milango hayafiki shuleni, tulishapima."

Mama King'ora alikuwa ameshatoa simu. Aliandika kwenye kundi la wakazi wa kijitoni: ondokeni sasa hivi, nendeni shuleni, bwawa linafunguliwa. Majibu yakaja kabla hajapumua. Sura za kucheka, moja baada ya nyingine. Kisha mtu mmoja akaandika: "Leo harusi ya nani?"

Aliisoma, akaizima simu, akachukua funguo za pikipiki ya ofisi.

"Nakwenda mwenyewe."

"Sikiliza," alisema Meneja, na sauti yake ikashuka. "Maji yakigusa mstari mwekundu, nafungua. Uwe umewatoa au hujawatoa. Sipendi, lakini nitafungua."

"Mama yangu yuko kule."

"Ndiyo maana nakuambia uso kwa uso."

Mama King'ora alikuwa ameshafika nje.

* * *

Kijitoni jua lilikuwa linawaka.

Hilo ndilo lililomvunja nguvu alipokata kona ya mwisho. Kule juu mawingu yalikuwa meusi kama masizi, lakini huku nguo zilikuwa zinakauka kwenye kamba, vumbi linapaa nyuma ya pikipiki yake, na kijito kinatiririka chini ya daraja kwa uvivu, kiasi cha kuku kuvuka bila kulowana magoti. Nani angeamini?

Kinyozi alimwona wa kwanza. Alisimamisha wembe hewani, mteja wake amenyolewa shavu moja, la pili bado lina povu.

"Jamani, ficheni sahani," alisema Kinyozi. "Mgeni wa heshima amefika."

Kibaraza kizima kikacheka.

Mama King'ora hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti wa king'ora, uliokuwa umesimama ubavuni mwa kibanda cha dobi. Alifuata waya kwa macho kutoka chini kwenda juu. Kwenye kimo cha paa, waya ulikuwa umekatika. Na haukuwa umeliwa na panya wala kukatwa na upepo. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha zake zimekunjwa vizuri kama kazi ya fundi.

Na fundi mwenyewe alikuwa nyuma yake, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Shemeji yake. Mume wa Bi Harusi.

"Shemeji," alisema Mama King'ora, "nani amekata huu waya?"

"Mimi."

Alilitamka bila kuficha wala kutafuta pa kukimbilia.

"Nilikata jioni ile ile ya harusi," alisema. "Mke wangu alilia mpaka sauti ikakauka. Nikasema dude hili halitalia tena juu ya kichwa chake. Kama ni kosa, nipeleke unapotaka kunipeleka."

Msomaji, mwingine hapo angetukana. Angekuwa na haki. Lakini muda wa kutukana haukuwepo.

"Uunganishe."

Fundi alimtazama. "Kweli safari hii?"

"Shemeji, panda."

Sijui aliona nini kwenye uso wa shemejiye. Hakuuliza tena. Aliegemeza ngazi, akapanda, koleo mdomoni, akamenya ncha mbili za waya na kuzisokota pamoja. Mama King'ora akampigia Meneja.

"Zungusha ufunguo."

King'ora kikalia.

Kililia hasa. Njiwa waliruka kutoka mapaani, mtoto mchanga akaanza kupiga kelele mahali fulani, mabati yakatetemeka. Mama King'ora alishusha pumzi. Aligeuka kutazama milango, akingoja watu watoke mbio.

Hakuna aliyetoka.

Mwanamke aliyekuwa anaanika shuka aliziba sikio moja kwa bega na kuendelea kubana vibanio. Vijana waliokuwa wanacheza karata walipaza sauti ili wasikilizane. Kinyozi alirudisha wembe kwenye shavu la mteja.

"Mlizoea kumcheka," alisema kwa sauti ya juu, "leo muone alivyotengeneza dude lake. Hongera, dada. Linalia vizuri."

Mama King'ora alisimama katikati ya njia. "Bwawa linafunguliwa," aliita. "Jamani, siyo kama mwaka jana. Nimewaona kwa macho yangu wenye bwawa wanajiandaa."

"Na mwaka jana uliona kwa macho ya nani?" aliuliza mmoja wa wacheza karata, na wenzake wakapiga meza.

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Meneja.

"Imebaki kidogo sana," alisema. "Wametoka?"

"Bado."

"Fanya hima. Naomba fanya hima."

* * *

Bi Harusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda chake, pasi mkononi, mvuke ukifuka usoni mwake. Nyuma yake, kwenye kigoda, alikaa mama yao, mkono wa kushoto umepinda kidogo pale ulipounga vibaya.

Dada wawili wakatazamana. Mwaka mzima ulikuwa umepita kati yao.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza Bi Harusi.

"Kumchukua mama. Na wewe. Na kila mtu."

"Jua linawaka."

"Huku. Kule juu huwezi kuona mkono wako kwa mvua."

"Hata siku ile ulikuwa na uhakika."

"Nilikuwa nao. Na nilikosea, na wewe ndiye uliyelipa. Sijawahi kukuambia hivyo kwa mdomo wangu, nakuambia sasa. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa juu ya kiti, nikapiga, nikawaacha mkimbie. Leo nimeshuka. Maji yakija yatanikuta hapa hapa na nyie. Ningekuwa nadanganya ningejileta?"

Aliyejibu alikuwa mama.

"Kama ni uongo, tutarudi nyumbani," alisema yule mzee, akijikusanya kutoka kwenye kigoda. "Kama ni kweli tukakaa, tutarudi wapi? Nipeni fimbo yangu."

Bi Harusi aliiweka pasi chini. Aliichomoa kwenye umeme kwanza, kwa utaratibu wake ule ule, kisha akatazama nje, kule kibarazani walikokuwa wanacheka.

"Hawa hawatakusikiliza," alisema.

"Naona."

"Hata ushuke na mabawa hawatakusikiliza."

Kisha akageuka kutazama rafu zake. Na hapo Mama King'ora aliona uso wa mdogo wake ukibadilika, ukapata ule ujanja aliokuwa nao utotoni alipokuwa anataka kuiba sukari.

Kwenye rafu zile zilikuwa nguo za kijitoni kote. Suruali za kazini, sare za shule, mashuka, magauni ya kutokea, mashati ya wale wale wacheza karata. Kila nyumba ilikuwa na kitu pale.

"Mume wangu," aliita Bi Harusi, "lete mkokoteni."

Walipakia kama wezi. Mafurushi kwa mafurushi, bila kukunja, bila kupanga. Fundi aliinua mama mkwe wake kama mtoto na kumkalisha juu ya rundo. Kisha Bi Harusi akatoka katikati ya njia, akashika kiuno, akasema kwa ile sauti ambayo madobi huitumia kwa wateja waliopitiliza siku ya kuchukua nguo:

"Nguo zenu naondoka nazo. Nazipeleka shuleni. Anayetaka yake aje aichague mwenyewe. Itakayokosa mwenyewe leo naigawa, na nisikie mtu analalamika."

Karata zikatulia mezani.

"Gauni langu la bluu?" aliuliza yule mwanamke wa vibanio.

"Limo."

"Wewe, hilo nimeazima."

"Basi kimbia."

Kinyozi alisimama na wembe wake. "Suti yangu haimo humo, sivyo? Nimekuachia juzi tu."

"Iko juu kabisa," alisema Bi Harusi. "Mama ameikalia."

Mkokoteni ukaanza kupanda. Watu walioshindwa kukimbia kwa ajili ya roho zao walikimbia kwa ajili ya suruali zao. Kwanza walitoka wanawake, wanapiga kelele, wamebeba watoto mgongoni kwa sababu hakukuwa na wa kuwaachia. Kisha wanaume, wanatukana. Kisha watoto, kwa sababu watoto hawaachwi nyuma ya kioja. Yule mteja wa Kinyozi alipanda kilima na shavu moja jeupe kwa povu. Mama juu ya mkokoteni alikuwa amekaa wima kama malkia, fimbo mapajani.

Mama King'ora alibaki nyuma, akigonga mlango baada ya mlango. Alimtoa mgonjwa mmoja kitandani, akamfunga kwa shuka kwenye kiti cha pikipiki na kumpandisha. Akarudi. Akamkuta bibi mmoja kiziwi anamenya viazi, hajui hata kwamba king'ora kinalia, akamshika mkono tu, na yule bibi akamfuata bila swali. Katika watu wote wa kijitoni, yeye peke yake ndiye aliyeamini bila kusikia.

* * *

Uwanja wa shule ulijaa kama siku ya mnada. Bi Harusi alikuwa katikati, anatupa nguo hewani na kutaja wenyewe, anachelewesha kwa makusudi, anajifanya hajui shati la nani ni la nani. Aliinua macho, akamwona dada yake anaingia na yule bibi kiziwi. Hakutabasamu. Lakini aliinua kidevu kidogo, kumwambia: wamefika.

Mama King'ora akapiga simu.

"Kijitoni hakuna mtu. Fungua."

"Mungu akubariki," alisema Meneja, na simu ikakatika.

Akakaa kwenye ngazi za darasa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisikia njaa.

Hajakaa sawasawa, mtu akaita, "Maji."

Wote wakaenda ukingoni mwa uwanja kutazama. Kweli, kule chini maji yalikuwa yameingia. Kijito kilikuwa kimepanda juu ya mawe ya kufulia, kimefika kwenye vizingiti vya nyumba za chini, kinazunguka miguu ya kiti cha Kinyozi pale kibarazani. Zogo likazima. Mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe kweli."

Lakini maji hayakupanda zaidi. Yalikaa pale pale, kimo cha kifundo cha mguu, yanameremeta kwa jua.

"Hayo ndiyo mafuriko?" alisema Kinyozi, suti yake begani. "Mtoto wangu anamwaga kuliko hayo akioga."

Kicheko kikalipuka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa wakaona haya. Wanaume wakakunja suruali. Wawili wakaanza kushuka kuokoa magodoro. Kisha watano. Kisha kundi zima.

Mama King'ora hakucheka. Kulikuwa na jambo linamkera, na ilimchukua pumzi mbili kulijua. Maji ya milango husafiri. Hutoka bwawani, hupita bonde lote, ndipo yafike darajani. Yeye alikuwa ameomba milango ifunguliwe sasa hivi tu.

Maji haya yalikuwa yamewahi.

Akapiga tena. Iliita kwa muda mrefu.

"Umefungua milango mingapi?" aliuliza.

"Hata mmoja." Meneja alikuwa anahema. "Umeme umekatika. Tunazungusha kwa mkono na imegoma. Hatujafungua kitu."

"Maji yameshafika huku."

Upande wa pili vyuma viliacha kugongwa.

"Meneja, nasema maji yameshafika huku. Yanatoka wapi?"

Alichokisikia baada ya hapo hakikuwa kimesemwa kwake. Meneja alikuwa ameondoa simu mdomoni, anawaambia watu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kiti: "Tokeni ukutani. Acheni vyuma. Wote, tokeni ukutani."

Kisha simu ikafa.

Uwanja wa shule ulikuwa salama kwa maji ya milango. Hilo lilikuwa limepimwa. Ukuta ukiachia, palipo salama ni mahali pamoja tu, kwenye tangi la maji, kule juu kabisa ya kilima, na njia ya kwenda huko ni nyembamba na ina mawe. Na watu walikuwa wanashuka.

Bi Harusi alikuwa amesimama kando yake. Alikuwa ameona uso wake.

"Amesema nini?"

"Wapandishe mpaka kwenye tangi. Mama kwanza. Usiwaambie kitu, ondoka na nguo zilizobaki tu, watakufuata. Fundi asukume mkokoteni."

"Fundi hayupo," alisema Bi Harusi. "Amerudi chini. Kuna furushi tulisahau, na ile pasi yangu."

Wakatazama wote wawili kwa pamoja. Kule chini, mbele ya kibanda cha dobi, Fundi alikuwa ndani ya maji, mgongo wake umeelekea upande wa bwawa, anafunga furushi kwa kamba bila haraka yoyote.

Bi Harusi alipiga hatua kuelekea kule chini. Mama King'ora alimshika mabega, akamgeuza kuelekea mkokoteni na kumsukuma. Kisha akavua viatu na kuanza kukimbia kuteremka, akiwapita watu waliokuwa wanashuka, akiwavuta mashati, akiwaambia rudini, rudini juu, nao wakimtazama kama mwenda wazimu. Kutoka juu ya bonde kulikuwa kunakuja mlio ambao hakuwahi kuusikia maishani.

Fundi aliinua kichwa, akamwona anakuja mbio. Akampungia mkono, akidhani shemeji yake anakuja kumsaidia kubeba.